Tangazo la Tatu

Kila msharika wa kambi ile ya wachuma chai alijua ya kwamba mtu akirudi kutoka mjini husimama mbele ya kanisa Sabato ya kwanza na kutoa habari za safari yake. Haikujalisha kama alikwenda kuuza kuku au kumzika ndugu. Alisema amelala wapi, amekula na nani, na ameingia nyumba za namna gani. Kwa maana mji, walisema wazee, humshika mtu kama vumbi, na mwenye vumbi hujipangusa mlangoni. Ikiwa alitenda lililokatazwa akalikiri kwa kinywa chake, aliketi benchi la nyuma Sabato moja, akasamehewa. Ikiwa alilificha likafichuka, aliketi huko miezi sita. Aliyesikia kosa la mwenzake akalinyamazia alihesabiwa kuwa mkosaji naye. Na aliyeketi benchi la nyuma, awe mwanamume au mwanamke, hakuoa wala hakuolewa mpaka siku zake ziishe.

Elmina Nyambeki aliijua sheria hiyo kuliko wengi, kwa kuwa aliyeuliza maswali alikuwa baba yake mzazi. Mzee Gekara alikuwa karani wa mizani katika shamba lile la chai, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Kericho, tena mzee wa kwanza wa kanisa. Siku sita alipima majani. Siku ya saba, watu walinong'ona, alipima roho za watu kwa mizani ile ile. Mwaka huo wa 1934 binti yake alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa, na jina lake lilikuwa limekwisha kusomwa mara mbili kanisani pamoja na jina la Joab Owino, mtunza bustani wa mke wa meneja. Lilibaki tangazo la tatu la ndoa. Lilikuwa lisomwe kesho yake.

Ijumaa hiyo alasiri Elmina alishuka kwenye kitalu cha miche akiwa na kikapu kitupu mgongoni. Upande wa Bomet wingu lilikuwa limekaa juu ya vilima, jeusi chini na jeupe juu, na wachumaji wazoefu walikuwa wamekwisha kuondoka mashambani, maana wingu la namna hiyo huleta mvua ya mawe. Joab alikuwa amechuchumaa kati ya miche. Alikuwa amerudi jana yake tu kutoka Nairobi, alikokwenda siku sita kumbebea memsaab huyo waridi zake kwenye maonyesho ya maua. Alipomwona aliinuka, akafuta mikono kwenye kaptula, kisha hakujua aipeleke wapi. Wachumba walioruhusiwa na kanisa waliweza kuzungumza mahali pa wazi, mchana. Kushikana mikono hakukuruhusiwa.

Walitazamana kwanza. Siku sita si nyingi, lakini macho yao yalikuwa na njaa ya mwaka.

"Umekonda," Elmina alisema.

"Ni masizi ya gari la moshi. Nikioga mara ya tatu nitanenepa."

"Nasikia Nairobi watu hula mkate mweupe kila siku."

"Huula aliye nao. Mimi nililala na waridi kumi na mbili, Elmina, kila moja na chupa yake ya maji. Usiku naamka naziangalia kama mama mwenye watoto wagonjwa."

Elmina alicheka, akafunika mdomo kwa ncha ya kitambaa chake. "Basi niambie yote. Nataka niyasikie mimi kabla ya Tata." Tata ndivyo alivyomwita baba yake.

Laiti angejua alichokuwa akikiomba.

Joab alimweleza juu ya hema kubwa kuliko kiwanda, lenye meza ndefu zilizotandikwa vitambaa vyeupe, na Wazungu waliopita polepole wakiinama juu ya kila ua kana kwamba wanawajulia hali wagonjwa. Mmoja alikuwa na rula. Alipima waridi, akaandika, akatikisa kichwa.

"Rula? Kupima ua?"

"Haki. Hata baba yako hajafika huko. Ua letu likawa la pili. Memsaab akasema amefurahi sana, kisha akaenda nyuma ya hema akalia."

"Na mjini kwenyewe?"

"Mjini kuna makelele." Uso wake ukabadilika kidogo. "Siku ya kwanza tulipotoka stesheni, barabara ilikuwa imefungwa na watu. Wanawake wameketi chini katikati ya njia, mbele ya ofisi, wanaimba, wanataka wanaume wao watolewe ndani. Memsaab akapita na gari upande mwingine, akaniambia mimi nipite kwa miguu na sanduku la maua. Nikajikuta katikati yao. Mama mmoja mzee akanitazama, akauliza, 'Wewe kijana, maua hayo ni ya maiti gani?'"

"Ukamjibu nini?"

"Hakuningoja nijibu. Akachomoa moja, akalitia kwenye nywele zake, akaendelea kuimba. Kisha askari wakaja na rungu. Nilikimbia, Elmina. Nililikumbatia lile sanduku nikakimbia, na nyuma yangu nasikia wale akina mama wanapiga kelele. Mpaka leo nazisikia nikifumba macho."

Upepo wa baridi ulipita juu ya chai, majani yakageuka upande wake wa chini. Elmina alijikunyata. Alitamani kuweka kiganja chake juu ya mkono wa kijana huyo. Akaushika mkanda wa kikapu badala yake.

"Pole," alisema.

"Nimekwisha kupoa. Sasa sikiliza. Sikuwa na kitu cha kukununulia zawadi, lakini nimekuletea jambo moja nililoliona, na nimelihifadhi kwa ajili yako peke yako." Akamsogelea hatua moja, macho yakimng'aa kama ya mtoto. "Usiku wa mwisho rafiki ya memsaab aliomba waridi zetu, ziwekwe juu ya meza katika nyumba moja kubwa, ambamo watu hukaa kwenye giza na mbele yao pana jukwaa lenye taa. Nikapeleka chupa, nikaziweka. Wakaniambia nikae nyuma ya pazia, nizichukue mchezo ukiisha. Nikaona kila kitu. Kulikuwa na mwanamke anampenda mwanamume, na nduguze hawamtaki. Elmina, alikufa mbele yangu, karibu kama wewe ulivyo. Nikalia mpaka kola ikalowa. Kisha pazia likashuka, yule maiti akainuka, akajipangusa, akaomba maji ya kunywa!"

Alisubiri kicheko. Hakikuja.

"Nyumba hiyo," Elmina aliuliza polepole, "ni nyumba ya michezo, ile tuliyokatazwa?"

"Niliingia na chupa ya maua."

"Mlango ulikuwa umefungwa?"

Joab alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu haraka, na kwa sababu hiyo hasa Elmina alimpenda. "Wa mbele ulifungwa. Wa nyuma ulikuwa wazi."

"Ungeweza kutoka."

"Ningeweza. Sikutaka."

Mbali upande wa Bomet ngurumo ilijiburuta kama mzigo kwenye sakafu ya mbao.

"Usiyaseme hayo kesho, Joab."

"Nitaulizwa, nitajibu. Nitaketi nyuma Sabato moja. Sabato moja ni nini? Hata benchi lenyewe halitapata joto."

"Hujui nani yuko nyumbani." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Baba mdogo Atuti amefika leo asubuhi kutoka Gusii. Amekuja kwa ajili yangu. Anasema nyumba yetu haijapata kumtoa binti kwa watu wasiopita jandoni. Tata amemjibu kwamba ametoa neno lake kanisani na hawezi kulirudisha. Wakabishana mpaka jua likawa la utosi. Mwisho baba mdogo akasema, 'Vema. Mungu amewapa Sabato tatu. Ya tatu ikipita salama, nitanyamaza. Ikikwama, hata kwa sababu ndogo, hiyo ni ishara, na Jumapili naondoka naye mpaka Ndanai kwa Makori.'"

"Makori mwenye duka? Yule mjane?"

"Huyo. Na Tata akakubali. Wamepeana mikono, nimewaona."

Joab alitazama udongo uliomshika vidoleni. "Elmina, mimi si mwongo."

"Najua."

"Kama nitasimama pale nikasema uongo mbele ya watu wote, utaolewa na nani? Si mimi."

"Nitaolewa na wewe, na nitakuwa nimekuomba mimi. Dhambi iwe yangu." Machozi yalikuwa yanamtoka naye hakuyafuta. "Chagua. Ukweli wako, au mimi."

Punje ya kwanza ya mawe ilianguka kati yao, ikaruka juu ya udongo. Ikafuata ya pili. Joab alimtazama kwa muda mrefu, na katika macho yake Elmina aliona kitu kikifungwa taratibu, kama mtu anayefunga dirisha la nyumba anayoihama.

"Haya," alisema. "Nitanyamaza."

Elmina alikimbia kurudi kambini huku mvua ya mawe ikimpiga mabegani. Alikuwa amepata alichokitaka, wala moyo wake haukutulia.

Nyumbani Atuti alikuwa ameketi karibu na moto, miguu ameinyosha, mwavuli wake mweusi umesimama ukutani kama mgeni wa pili.

"Binti yangu! Umelowa. Mjaluo wako amerudi? Amekuletea nini, samaki wa Nairobi?"

"Hajaniletea kitu, baba mdogo."

"Hata kitambaa? Siku sita mjini, mikono mitupu! Makori angekuja na mfuko wa sukari."

Mzee Gekara hakucheka. Aliinua macho kutoka kwenye Biblia, akamtazama binti yake, akarudi kusoma. Lakini mama yake, Bosibori, alimfuata nyuma ya nyumba alikokwenda kubadili nguo, akamshika kidevu.

"Uso wako una neno ndani yake."

"Mama..."

"Usiniambie! Nikilisikia nitakuwa wa pili." Aliangalia mlangoni, akaongeza kwa sauti ya chini, "Ila ukumbuke kiti cha baba yako. Mzee ambaye mtoto wake ameketi nyuma miezi sita haongozi tena kanisa. Miaka kumi na mmoja amekaa kile kiti, na hana kingine duniani anachokionea fahari isipokuwa wewe."

Usiku huo Elmina alilala macho wazi.

Asubuhi ya Sabato mashamba yalikuwa yamechanika. Majani ya chai yalilala chini kama matambara, na watu walioingia kanisani walizungumza kwa sauti ndogo, kama wanaotoka matangani. Wanaume waliketi upande wa kuume, wanawake upande wa kushoto, kwenye mabenchi yaliyoundwa kwa mbao za masanduku ya chai. Benchi la nyuma peke yake halikugawanywa. Huko wakosaji waliketi pamoja bila kujali jinsia. Siku hiyo lilikuwa tupu. Atuti alisimama mlangoni, mwavuli mkononi, kwa kuwa alikataa kuketi.

"Joab Owino," aliita Mzee Gekara kutoka kwenye kiti cha wazee. Kando yake Mzee Nyamwange alikuwa amefungua daftari. "Ulikwenda mjini. Simama ulipe kanisa habari zako."

Joab alisimama. Alisema habari za gari la moshi, na za hema la maua. Wanawake wakaguna kwa mshangao aliposema juu ya rula. Alisema habari za akina mama walioketi barabarani.

"Ulilala wapi?"

"Nyumba ya watumishi, nyuma ya nyumba ya wenyeji wa memsaab."

"Ulikula na nani?"

"Na mpishi wao, Mkristo."

"Uliingia nyumba zipi nyingine?"

"Stesheni. Na hema la maua."

"Hakuna nyingine?"

Joab aliitazama mikono yake, ile mikono iliyokuwa imebeba waridi safari nzima bila kuvunja hata jani. "Hakuna," alisema.

Akaketi. Elmina alikuwa amemkazia macho tangu mwanzo, akingoja amtazame hata mara moja, ampe ishara ndogo ya wapendanao walioshinda. Hakumtazama. Mabega yake yalikuwa yameinama, na shingo yake ilikuwa ya mtu mzima aliyechoka. Huyo ndiye niliyemwomba, Elmina aliwaza. Nilimwomba aje kwangu, na amekuja mwingine.

Mzee Gekara alivaa miwani. "Tangazo la tatu na la mwisho. Joab Owino na Elmina Nyambeki wanakusudia kufunga ndoa takatifu. Kama yuko mtu ajuaye kizuizi, na aseme sasa, ama anyamaze milele."

Mlangoni Atuti alikohoa, lakini hakusema neno. Alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Nyamwange alichovya kalamu katika wino.

"Namjua mwenye kizuizi," ilisema sauti upande wa wanawake. "Ni mimi."

Vichwa vyote viligeuka. Elmina alikuwa amesimama, ameshika benchi la mbele yake kwa mikono miwili. Bosibori alimvuta sketi, hakuketi.

"Keti, Elmina," alisema baba yake.

"Siwezi, Tata. Joab aliingia nyumba ya michezo. Aliniambia jana kitaluni. Alitaka kukiri, nikamkataza. Nilimwambia achague ukweli wake au mimi. Amesema uongo kwa kinywa chake, lakini ulitoka kwangu."

Kelele zilipanda. Joab alikuwa tayari amesimama.

"Mzee, asilaumiwe yeye. Niliingia kwa miguu yangu. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na sikutoka." Akalisimulia kanisa habari yote, pazia, taa, mwanamke aliyekufa, na sauti yake ikarudi kuwa ya kwake, pana na tulivu, hata watu wakasahau kwamba wanasikiliza dhambi.

"Akaamka kweli?" Mama Syprose, shangazi mzee wa Joab, aliuliza kutoka mbele.

"Akaamka, shangazi. Akaomba maji."

"Lo! Wazungu hawa."

Kicheko kilianza, kikafa kilipokutana na uso wa Mzee Gekara.

"Sheria mnaijua," alisema. Sauti yake haikutetemeka, lakini alivua miwani. "Joab Owino hakukiri, alifichuliwa. Benchi la nyuma, miezi sita. Tangazo limefutwa. Elmina Nyambeki alinyamazia kosa, kisha amelikiri mwenyewe. Benchi la nyuma, Sabato moja, hii ya leo."

Ndivyo wawili hao walivyoketi pamoja kanisani kwa mara ya kwanza maishani mwao, nafasi ya kiganja kati yao, huku Mzee Nyamwange akihubiri juu ya mvua ya mawe iliyoipiga Misri.

"Umenichukia?" Elmina alinong'ona, midomo haichezi.

"Hapana. Sasa napumua."

"Nimekupoteza."

"Ulinipoteza jana. Leo umenirudisha." Akaongeza, "Miezi sita nitaketi hapa nikiimba vibaya. Utanisikia?"

"Kesho kutwa nitakuwa Ndanai, Joab."

Joab aliuweka mkono wake juu ya mbao iliyokuwa kati yao, akauacha hapo.

Mahubiri yalikwisha. Mlangoni Atuti alikwisha kumwambia Bosibori, bila kushusha sauti, afunge nguo za binti. Mzee Gekara alisimama.

"Elmina Nyambeki, adhabu yako imelipwa. Inuka, uketi na mama yako."

Elmina aliinuka. Alitazama mwavuli mweusi mlangoni, akamtazama mama yake, kisha akamgeukia baba yake.

"Tata, naomba kuuliza sheria."

"Uliza."

"Aliyesikia kosa akanyamaza, nimelipa. Aliyemshawishi mwenzake aseme uongo mbele ya Mungu, je? Hilo halijahesabiwa."

"Hilo pia umelikiri," alisema Mzee Gekara taratibu.

"Nimekiri baada ya kulivuna. Nilingoja mpaka uongo umesemwa, Tata, na jina langu limesomwa. Kama si miezi sita kwangu, kwa nini ni miezi sita kwake?"

"Gekara!" Atuti aliingia hatua mbili ndani. "Huoni anachofanya? Aliye benchi la nyuma haolewi! Anajificha chini ya sheria yako asiende kwa Makori. Tulipeana mikono!"

"Tulipeana mikono juu ya tangazo," alisema Mzee Gekara. "Hatukupeana mikono juu ya hukumu."

"Na kiti chako?" Atuti aliuliza.

Nyamwange alimshika Mzee Gekara mkono wa koti. "Mzee mwenzangu, fikiri. Ukisema miezi sita, unajua kinachofuata. Hakuna atakayekulaumu ukisema imetosha."

"Mimi nitajilaumu." Mzee Gekara alimtazama binti yake aliyesimama mbele ya benchi la wakosaji, mwembamba, macho makavu, kidevu juu kama chake mwenyewe. Hakuna aliyejua aliona nini pale, hasira au fahari. "Anajificha, ndiyo. Lakini alilolisema ni kweli, na sikulipima. Keti, Elmina. Miezi sita."

Elmina aliketi. Atuti alitema mate nje ya mlango, akafungua mwavuli wake ingawa mvua haikuwepo, akashika njia bila kuaga.

Mzee Gekara aliandika majina mawili kwa mwandiko wake wa shule ya misheni, herufi kwa herufi, akakausha wino. Akafunga daftari, akalitia mikononi mwa Nyamwange. Kisha akashuka kutoka kwenye kiti cha wazee. Wanaume wa benchi la kwanza walibanana kumpa nafasi ya heshima; akawapita. Akaenda mpaka benchi la nne, wanakoketi wachumaji, akasema, "Nisogeeni kidogo, ndugu zangu," akaketi kati yao na kuinamisha kichwa kwa sala.